Nikinunua chipu yenye cheti cha ASIL D, mashine yangu imeshapata SIL 2?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninatengeneza kidhibiti cha mota kwa ajili ya meza ya kuinulia mizigo kiwandani. Mteja anataka kazi mbili za usalama zifikie SIL 2, yaani ngazi ya pili ya uhakika kwamba kazi ya usalama itafanyika inapohitajika: mlango wa kinga ukifunguliwa meza isimame, na meza isizidi kasi iliyowekwa inaposhuka. Muuzaji wa vipuri ananiambia ninunue mikrokontrola (chipu ndogo ya kuendesha vifaa) yenye cheti cha ASIL D, ngazi ya juu kabisa ya usalama wa elektroniki za magari, "ambayo iko juu hata ya SIL 2", na kazi itakuwa imekwisha. Bei yake ni mara kadhaa ya ile niliyoizoea, ilhali kasi na kumbukumbu hazipishani sana. Je, anasema kweli? Na nikiweka mbili za kawaida zikawa zinakaguana, si nitapata kilekile?

Jibu: Ndugu yangu, chipu hiyo ni nzuri na huenda mwishowe ukainunua. Ila haitakupa SIL 2. SIL hupewa kazi nzima ya usalama, kuanzia swichi ya mlango au enkoda inayosoma kasi, kupitia chipu na programu yako, hadi kontakta (swichi kubwa inayokata umeme wa mota) na breki inayoushika mzigo. Cheti cha chipu kinamwambia mkaguzi jambo moja tu: kiungo hiki cha katikati kinaweza kutumika ndani ya kazi ya ngazi fulani, mradi masharti yaliyoandikwa kwenye mwongozo wake wa usalama yafuatwe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ambayo wauzaji huyameza.

Kisha kuna huo mchanganyo wa alama. ASIL ni ya ISO 26262, kiwango cha magari kilichotoka 2011 na kupata toleo la pili 2018. SIL ni ya IEC 61508, mzazi wa viwango vingi vya usalama wa kiutendaji, ambacho toleo lake la pili ni la 2010. Cha magari kilichipuka kutoka kwa hicho cha pili, lakini hakuna jedwali rasmi la kugeuza herufi ya huku kuwa namba ya kule. ASIL hutokana na ukali wa madhara, mara ambazo watu hujikuta kwenye hali hiyo, na kama dereva anaweza kuokoa jahazi. Kwenye meza yako hakuna dereva. Mkaguzi wa mashine atataka ushahidi wa IEC 61508, au wa viwango vya mashine vyenyewe, yaani IEC 62061 na ISO 13849-1. Bahati nzuri chipu nyingi za kundi hili zimepimwa kwa pande zote mbili, kwa hiyo dai cheti kinachotaja 61508 waziwazi, pamoja na uwezo wa kimfumo, yaani kinga dhidi ya makosa ya ubunifu, wa SC 2 au zaidi.

Na kama muuzaji atakutajia AEC-Q100 kana kwamba nayo ni cheti cha usalama, jua hajui anachouza. Hayo ni majaribio ya uimara: joto, unyevu, mshtuko wa umeme tuli na kadhalika. Daraja la 1, kwa mfano, ni chipu kuhimili nyuzi -40 hadi 125 za Selsiasi. Chipu inaweza kuwa nayo na isiwe na chembe ya ulinzi ndani yake.

Sasa bei. Chipu ya usalama huharibika kama nyingine yoyote. Unacholipia ni kwamba ikiharibika inajua, inasema, na inasema mapema. Volteji huyumba, transista huzeeka, na kuna wageni wasioonekana: neutroni zinazoshuka kutoka angani, na chembe za alfa zinazotoka kwenye vifungashio vya chipu yenyewe, jambo ambalo May na Woods wa Intel walilibainisha mwishoni mwa miaka ya 1970. Chembe moja ikipita pabaya inageuza biti ya 0 kuwa 1 bila kuacha jeraha lolote. Kwenye chipu ya kawaida, biti hiyo ikiwa ndani ya namba inayoshika kikomo cha kasi ya meza yako, kikomo kimebadilika na hakuna aliyeambiwa.

Ukichungulia ndani ya chipu ya usalama utakuta viini viwili vya kuchakata, lakini programu inaona kimoja. Vyote viwili vinatekeleza amri zilezile, na kilinganishi kilichokaa pembeni kinatazama matokeo yao kila mzunguko wa saa ya ndani ya chipu. Yakitofautiana hata kwa biti moja, kengele inalia papo hapo. Kinachonipendeza ni jinsi walivyofikiria sababu moja inayoweza kuwaangusha wote wawili kwa pamoja. Kiini cha pili hucheleweshwa kidogo, kwa kawaida mizunguko kama miwili, na matokeo ya kwanza yanasubirishwa vivyo hivyo kabla ya kulinganishwa. Volteji ikitikisika kwa kitambo kidogo, inawakuta wakiwa kwenye kazi tofauti, kwa hiyo makosa yao hayafanani na kilinganishi kinayaona. Katika familia ya Hercules ya Texas Instruments walikwenda mbali zaidi: mchoro wa kiini cha pili umepinduliwa na kuzungushwa juu ya silikoni, ili kasoro ya eneo moja isiguse sehemu ileile ya viini vyote viwili. AURIX ya Infineon nayo hutumia viini pacha kwa namna yake, na S32K3 ya NXP ina matoleo ya aina hiyo.

Kumbukumbu ina ulinzi wake. Utaratibu wa kawaida ni kuongeza biti 8 za ukaguzi juu ya kila biti 64 za data. Biti moja ikigeuka inarekebishwa hapohapo, mbili zikigeuka haziwezi kurekebishwa lakini zinagunduliwa. Kuna pia wasimamizi wa volteji na wa saa, na vipimo ambavyo chipu inajifanyia yenyewe inapowaka, kabla mstari wa kwanza wa programu yako haujakimbia.

Swali la haki hapo ni hili: kilinganishi chenyewe kikifa? Kikikwama upande wa "kila kitu sawa", huoni chochote hadi siku kiini kitakapokosea kweli. Hitilafu ya aina hiyo, iliyojilaza kimya ikisubiri mwenzake, ina hesabu yake ya pekee kwenye ISO 26262. Kwa ASIL D, angalau 99% ya hitilafu ambazo peke yake zingeleta hatari lazima zidhibitiwe, na angalau 90% ya zile zinazojilaza lazima zifichuliwe. Ndiyo maana chipu hizi zina njia ya kukichokoza kilinganishi kwa makusudi ili kuona kama bado kinalia. Mara nyingi kazi ya kukichokoza ni ya programu yako. Usipoandika mistari hiyo, ile 90% iliyo kwenye karatasi za mtengenezaji si yako.

Tuje kwenye namba za meza yako. SIL 2, kwa kazi inayofanya kazi mfululizo au kuitwa mara kwa mara, inataka hitilafu za hatari ziwe chini ya 1 kwa kila saa milioni 1. Kwenye kipimo cha FIT, ambapo FIT 1 ni hitilafu 1 kwa saa bilioni 1, hiyo ni bajeti ya FIT 1000 kwa mnyororo mzima. Wahandisi wengi huanza kwa mgawo wa mkono: kama 35% kwa sensa, 15% kwa sehemu inayoamua, 50% kwa sehemu inayotenda. Si sheria, ni pa kuanzia tu. Kwa mgawo huo bodi yako ina FIT 150 za kutumia. ASIL D inalenga chini ya FIT 10 kwa kazi nzima, kwa hiyo chipu iliyobuniwa kwa ajili yake itakula kipande kidogo sana cha bajeti yako. Hiyo ni habari njema, na ndiyo hiyohiyo inayopumbaza watu: wanakaza pale palipokwisha kukaza, huku enkoda ni moja, waya wake ni mmoja, na kontakta ni moja ambayo mabamba yake yakigandana hakuna anayejua.

Kwa hiyo anza na vifaa vya mwishoni. Na hapa meza yako ina jambo ambalo mota ya kusukuma mkanda haina. Kwenye mkanda, kukata umeme ndiyo hali salama. Kwenye meza iliyobeba mzigo, ukikata umeme uvutano unabaki kazini. Hali yako salama ni umeme wa mota kukatika na breki ya springi kushika, ile inayoshika yenyewe umeme unapokosekana, siyo ile inayohitaji umeme ili ishike. Kama breki hiyo haipo kwenye mchoro wako, ahirisha mazungumzo ya chipu.

Kisha pima muda. Chukua mfano: enkoda inasomwa kila milisekunde 2, programu inaamua kila milisekunde 10, na unasubiri mzunguko mmoja zaidi kuthibitisha ili usisimamishe mashine kwa kelele ya umeme, hiyo ni 10 nyingine. Relei inachukua 15 kuachia, breki inachukua 80 kushika. Jumla ni milisekunde 117. Meza ikishuka kwa mita 0.3 kwa sekunde, imeshatembea sentimita 3.5, na hapo sijahesabu kasi inayoongezeka kati ya mota kuachia na breki kushika. Mkono wa mtu hauhitaji sentimita nyingi. Kilinganishi cha chipu kinagundua hitilafu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde, na hiyo katika jumla ya 117 haionekani kabisa. Ukitaka kupunguza hatari, fedha zako zitazaa zaidi kwenye breki yenye kasi kuliko kwenye chipu yenye kasi.

Nimesema chipu inasema ikiharibika. Inamwambia nani? Chipu hizi zina kitengo cha ndani kinachokusanya kengele zote, na pini maalumu inayobadilika hali hitilafu inapotokea. Nimeona bodi zaidi ya moja ambazo pini hiyo imepelekwa kwenye taa nyekundu tu. Mwongozo unataka iende kwenye kitu kilicho nje ya chipu, chenye uwezo wa kukata umeme wa sehemu inayotenda bila kuiomba programu ruhusa, kwa sababu wakati huo programu ndiyo mtuhumiwa. Mara nyingi kitu hicho ni chipu ya umeme iliyobuniwa kuandamana nayo, kama TLF35584 ya Infineon. Inalisha volteji na kuzisimamia, inasikiliza pini ya hitilafu, na ina kipima muda cha ulinzi ambacho programu lazima ikijibu kwa wakati wake. Kujibu mapema mno ni kosa sawa na kuchelewa. Vipima muda vingine huuliza swali na kutaka jibu sahihi, ili programu iliyokwama kwenye kitanzi isiweze kukidanganya kwa mapigo yaleyale.

Jambo dogo linalosahaulika: chipu ikijiwasha upya, pini zake nyingi huelea, hazivuti juu wala chini. Kama saketi inayowasha mota haina kipingamizi cha kuivuta kwenye kuzima, chipu ya ASIL D inaweza kujizima kiungwana huku mota ikipata amri kutoka hewani. Kipingamizi hicho ni katika vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye bodi.

Kuna kitu kingine ambacho viini pacha havikigusi hata kidogo: makosa yako mwenyewe katika programu. Viini vyote viwili vinasoma programu ileile, kwa hiyo kosa lililoandikwa vinalitekeleza kwa uaminifu mkubwa, na kilinganishi kinaridhika. Roketi ya Ariane 5 ilipoteketea tarehe 4 Juni 1996, ilikuwa na kompyuta mbili za kupima mwelekeo, moja ya akiba. Zote zilikuwa na programu moja. Namba ya desimali ya biti 64 ilibanwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, haikutosha, ile ya akiba ikazima, na ile kuu ikaifuata kwa sababu hiyohiyo. Sekunde zisizofika 40 tangu injini kuwashwa, vifaa vyote vikiwa vizima kama vilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana nusu ya kazi ya SIL 2 ni mambo yasiyouzwa dukani: mahitaji yaliyoandikwa na kufuatiliwa hadi kwenye jaribio, mapitio ya programu, kanuni za kuandika programu kwa usalama kama za MISRA C, na sababu ya kuiamini kompaila unayotumia, ile inayogeuza uliyoandika kuwa amri za chipu.

Sasa chipu mbili za kawaida. Inawezekana, na ni njia ya siku nyingi. Kwa kifaa changamano kama mikrokontrola, IEC 61508 inasema hivi: ukiwa na njia moja tu, sehemu ya hitilafu zilizo salama au zinazogunduliwa lazima ifike 90% kwa SIL 2, na 99% kwa SIL 3. Ukiwa na njia mbili, ambapo moja ikifa nyingine bado inalinda, 60% inatosha kwa SIL 2. Magari nayo yalipita huko. Mpango uitwao E-Gas, wa watengenezaji wa Ujerumani kwa ajili ya kanyagio la kielektroniki, una ngazi tatu: ya kwanza inaendesha injini, ya pili inakagua kama matokeo yanaingia akilini, ya tatu inakaguliwa kwa maswali na majibu na kifaa kilicho nje ya kichakato kikuu. Mpango huo unaweza kusimama juu ya chipu isiyo na viini pacha.

Lakini hesabu gharama zote. Chipu mbili zinazolishwa na umeme mmoja, zenye kristali moja ya kupigia saa, zinazosoma enkoda moja, ni njia moja iliyovaa nguo mbili. Utalazimika kuthibitisha kwamba sababu moja haiziangushi zote. Utaandika vipimo vya kichakato, kumbukumbu na pini wewe mwenyewe, uvithibitishe, halafu utafute takwimu za hitilafu za chipu ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kukusudia usalama. Ipo njia ya katikati: baadhi ya familia za kawaida, STM32 ya STMicroelectronics ikiwemo, zina miongozo ya usalama na maktaba za vipimo zilizopimwa, zinazolenga SIL 2 kwa chipu moja na SIL 3 kwa mbili. Kwa mtu aliyekwisha kuizoea familia hiyo, ningeitazama kabla ya kuhamia kitu kipya kabisa.

Ila mimi ningekuwa wewe, ningeuliza kwanza kama mikrokontrola inahitaji kuwemo kwenye kazi zote mbili. Mlango kufunguka na meza kusimama ni kazi ya ndiyo na hapana. Relei ya usalama iliyothibitishwa, swichi ya mlango yenye njia mbili, na kiendesha mota chenye pembejeo ya kukata nguvu za mota kwa mujibu wa IEC 61800-5-2, pamoja na breki, vinaimaliza bila mstari hata mmoja wa programu yako. Kazi ya kasi ndiyo yenye kuhitaji hesabu. Hata hiyo, viendesha mota vingine huja na usimamizi wa kasi salama ndani yake. Ukiwa unatengeneza meza chache kwa mwaka, nunua kiendesha hicho na ubaki na chipu yako ya kawaida kwa mambo yasiyo ya usalama. Ukiwa unatengeneza maelfu, au kiendesha mota ndiyo bidhaa yako, hapo chipu yenye viini pacha inajilipa, si kwa sababu kiwango kinakulazimisha, bali kwa sababu inakuondolea miezi ya kuandika na kutetea vipimo.

Ukiamua kuinunua, usikubali ukurasa wa cheti peke yake. Dai mwongozo wa usalama, ripoti iliyo nyuma ya cheti kama wanaitoa, na lahajedwali la FMEDA (hesabu ya jinsi kila sehemu inavyoweza kuharibika na kama inagunduliwa) unaloweza kulibadilisha, maana FIT za kwenye lahajedwali zimepigwa kwa joto na saa za kazi ambazo si lazima ziwe zako, na kila kinga usiyoiwasha lazima uifute humo uone namba inavyopanda. Dai pia orodha ya kasoro zinazojulikana za chipu. Cheti hutaja toleo la silikoni, na toleo likibadilika orodha hiyo hubadilika. Mara nyingine kasoro huwa kwenye kinga yenyewe unayoitegemea.

Bodi ikishakuwa mezani, fanya jaribio hili kabla ya kumwita mkaguzi. Weka mkondo mmoja wa osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika, kwenye pini ya hitilafu, wa pili kwenye koili ya kontakta, wa tatu kwenye swichi inayoonyesha breki imeshika. Kichokoze kilinganishi kwa amri ya majaribio, rudia kwa kugeuza biti mbili za kumbukumbu, kisha kwa kuiacha programu ikwame makusudi kwenye kitanzi. Mara zote tatu breki ishike ndani ya muda uliouandika kwenye mahitaji, meza ikiwa na mzigo kamili na bodi ikiwa kwenye joto la juu kabisa ulilomwahidi mteja. Hifadhi picha za osiloskopu pamoja na namba ya toleo la programu na la silikoni, kwa kuwa mkaguzi ataziuliza.